Texas: mteja kaingia mgahawani na bastola kiunoni, tena wazi. Sheria inasemaje?

#1 Sinia_la_Pilau
Wakuu habari. Nina mgahawa mdogo hapa Houston, kusini magharibi. Wateja wengi ni watu wa nyumbani, Wasomali na Waethiopia kidogo. Jumamosi mchana, watu wanakula, watoto wanakimbizana chini ya meza, akaingia mzungu mtu mzima, kofia pana, buti, bastola kiunoni. Haikufichwa hata kidogo. Akasalimia vizuri, akaagiza sambusa 4 na chai, akakaa akala. Mgahawa mzima kimya, unasikia friji tu. Meza mbili wakaomba wafungiwe chakula wakaenda kula nyumbani kwao.

Nimeishi Boston miaka 9, sijawahi kuona kitu kile. Nasikia ni sheria ya mwaka jana tu. Usiku mke wangu akaandika karatasi SILAHA HAIRUHUSIWI, Kiswahili na Kiingereza, akachora na bastola iliyokatwa mstari mwekundu. Tumeibandika mlangoni.

Karatasi hiyo inatosha? Na la pili, hawa watu waliamua hivi kwa nini? Nawasilisha.

#2 Kaa_la_Moto
Natandika mkeka hapa. Hizo sambusa alilipa, au alikohoa tu mkazisamehe?

#3 Sinia_la_Pilau
Alilipa mkuu, na bakshishi dola 5. Meza ya ndugu zetu ya pembeni haijaniachia senti tangu nifungue.

#4 Wakili_wa_Kanzu
Mleta uzi, si ya mwaka jana. Tuiweke sawa kabla watu hawajaivuruga.

Kubeba bastola wazi kwa wenye leseni kulianza Texas tarehe 1 Januari 2016. Muswada uliitwa HB 910, gavana Greg Abbott akausaini Juni 2015 kwenye ukumbi wa kulengea shabaha pale Pflugerville, karibu na Austin. Kabla ya hapo mwenye leseni aliruhusiwa kuibeba kwa kificho tu. HB 910 ikasema unaweza kuionyesha, ila iwe kwenye ala, ya mkandani au ya begani.

Kisha 2021 ikaja HB 1927, inayotumika tangu tarehe 1 Septemba mwaka huo. Hiyo iliondoa hata ulazima wa leseni kwa mtu wa miaka 21 na zaidi asiyekatazwa kisheria kumiliki silaha. Leseni bado zinatolewa kwa anayetaka. Kwa hiyo huyo mteja wako anaweza kuwa na leseni au asiwe nayo, na wewe kwa macho huwezi kujua.

Karatasi ya shemeji nakuja nayo. Nipo kazini.

#5 Shabaha_Njema
Wakili kasema vizuri ila namrekebisha kidogo. Hiyo 21 nayo iliguswa. Agosti 2022 jaji wa shirikisho alisema kuwazuia wa miaka 18 hadi 20 ni kinyume cha Katiba, na mwishoni mwa mwaka jimbo likaachana na rufaa. Mimi nina leseni tangu enzi za dola 140. Mwaka 2017 wakaishusha hadi 40. Hizo 100 zangu nani ananirudishia?

#6 Kaa_la_Moto
Peleka risiti kwa gavana.

#7 Mtoto_wa_Eastleigh
Lakini si Texas imekuwa hivi tangu zamani za kauboi? Kila mtu na bastola, mnakutana saa sita mchana katikati ya barabara. Hawa walirudisha mila yao tu. Swali la pili limeisha.

#8 Mzee_wa_Maktaba
Hapana kijana wangu wa Eastleigh, ni kinyume chake. Texas ilipiga marufuku kubeba bastola mwaka 1871, na Katiba yao ya 1876 ikalipa bunge la jimbo mamlaka ya kusimamia ubebaji wa silaha ili kuzuia uhalifu. Marufuku ile ilidumu zaidi ya miaka 120. Babu wa huyo mwenye kofia angekamatwa kwa kufanya alichokifanya mjukuu wake kwa Sinia.

Hata kwa kauboi wenyewe. Tombstone kule Arizona, lile pambano maarufu la O.K. Corral la 1881, chanzo kimojawapo kilikuwa sheria ya mji iliyokataza kubeba silaha mjini. Mgeni alitakiwa aziache. Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, na wenzake walikuwa wanakwenda kuwanyang'anya watu bastola.

#9 Mtoto_wa_Eastleigh
Aki mzee umenivua nguo mbele ya watu. Sawa. Sasa kama walikuwa wamepiga marufuku, nani aliifungua?

#10 Shabaha_Njema
Killeen. Hiyo ndiyo sababu, nyingine ni mapambo. Oktoba 1991 mtu aliingiza gari ndani ya mkahawa wa Luby's mjini Killeen akaua watu 23 kwa risasi. Mama mmoja, Suzanna Hupp, alikuwa anakula na wazazi wake. Bastola yake aliiacha kwenye gari kwa kuwa sheria ilikataza kuibeba. Wazazi wote wawili wakauawa. Akazunguka kutoa ushahidi, na 1996 akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Gavana Ann Richards alikuwa ameupinga muswada wa kubeba bastola 1993. Akaja George W. Bush, akausaini 1995. Kuanzia hapo leseni za kubeba kwa kificho.

Ukimsikiliza yule mama huwezi kumwambia "wapenda bunduki wana wazimu". Alikaa chini ya meza mkono mtupu.

#11 Dada_wa_Zamu_ya_Usiku
Pole kwake, ila @Shabaha_Njema hapo umejibu swali lisiloulizwa. Killeen inaeleza KUBEBA. Sinia anauliza KUONYESHA. Huyo mama angekuwa na bastola kwenye mkoba ingemtosha, na hilo lilipatikana 1995. Miaka 20 baadaye hii ya kuianika ilitoka wapi?

#12 Kaa_la_Moto
Dada kapiga penyewe. Shabaha leo imekosea jina.

#13 Mzee_wa_Maktaba
Jibu langu ni bunduki ndefu. Marufuku ilihusu bastola. Raifo huku ilikuwa halali kuibeba barabarani bila leseni yoyote. Basi 2013 na 2014 wanaharakati wakaanza kuingia madukani na migahawani na raifo mgongoni, makundi kwa makundi, kuonyesha kwamba sheria ni kichekesho: hili dude linaruhusiwa, kabastola haka haliruhusiwi? Hata NRA yenyewe, chama kikubwa cha wenye bunduki, mwaka 2014 iliita tabia hiyo ya ajabu, halafu siku chache baadaye ikajirudi baada ya kuchemshiwa na wanachama. Bunge likaona bora bastola mkandani kuliko raifo kwenye foleni ya mkate.

#14 Wakili_wa_Kanzu
Mzee, hiyo ni nusu. Mimi naona siasa za kura za mchujo, zile za kumpata mgombea ndani ya chama. Huku Republican anamwogopa Republican mwenzake kuliko anavyomwogopa mpinzani. Hakuna aliyetaka kwenda kwenye mchujo wa 2016 na doa la kuuzuia muswada wa silaha. Wakuu wa polisi wengi waliupinga waziwazi, lakini wakuu wa polisi hawapigi kura za mchujo kwa wingi.

Kuna na sababu ndogo ya kisheria ambayo haisemwi. Mwenye leseni ya kificho, upepo ukifunua koti na bastola ikaonekana, alikuwa na wasiwasi wa kushtakiwa. Wakailegeza 2013, ikabidi uwe umeionyesha kwa makusudi. HB 910 ikamaliza biashara.

#15 Shabaha_Njema
Hiyo ya koti ni kweli kabisa. Houston Agosti, nyuzi joto 38, uvae koti kwa ajili ya bastola? Miaka ile nilikuwa natoka jasho kama kuli wa bandarini.

#16 Mtoto_wa_Eastleigh
Kwa hivyo sheria ilipitishwa sababu ya joto 😂

#17 Mkongo_wa_Abilene
Bandugu jambo. Miye niko Abilene tangu 2016. Kwetu Uvira ukiona mutu na bunduki wazi, haumuulize leseni, unakimbia. Siku ya kwanza hapa nilienda dukani na bibi yangu, tukaona mutu na bastola, bibi akaacha kigari na nyama na yote, akatoka. Nikamufata. Tulirudi nyumba bila chakula. Sasa iko miaka mingi, yeye anapita tu. Lakini mama yangu mpaka leo anakataa kuingia lile duka. Miye sijue kueleza sheria, nasema tu hivi: wao wanaona mukanda, siye tunaona njia ya kutoka iko wapi.

#18 Sinia_la_Pilau
@Mkongo_wa_Abilene kaka umesema. Zile meza mbili zilizoondoka, moja ilikuwa ya watu wa Bukavu.

#19 Dereva_wa_I40
Nimechelewa, nilikuwa njiani. Ushauri kwa madereva wanaosoma: msidanganywe na uzi huu mkadhani Marekani ni moja. Mimi natoka Amarillo, napita Oklahoma. Wao walianza kubeba wazi kwa leseni Novemba 2012, na Novemba 2019 wakaondoa ulazima wa leseni. Kabla hata ya Texas, mara zote mbili. Ukipanda mpaka Illinois, kuonyesha ni marufuku, na hata kuficha walikuwa jimbo la mwisho kukubali, 2013. Kuna sheria ya shirikisho ya 1986 ya wapita njia, lakini lazima silaha iwe haina risasi na isiwe karibu na mkono, na kwenye gari lisilo na buti iwe imefungiwa ndani ya kisanduku.

Kampuni yangu inakataza silaha kwenye lori kabisa, nami sina. Nina rungu.

#20 Kaa_la_Moto
Rungu wazi au la kificho?

#21 Dereva_wa_I40
Nyuma ya kiti. La kificho.

#22 Kijana_F1
Mimi ni mwanafunzi, nina viza ya masomo. Rafiki yangu kaniambia tangu 2021 hakuna leseni, kwa hiyo hata mimi naweza kununua na kuvaa. Ni kweli?

#23 Wakili_wa_Kanzu
USITHUBUTU. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Jimbo limeondoa leseni ya kubeba. Nani anaruhusiwa KUMILIKI bado ni sheria ya shirikisho pia, na aliye na viza ya muda kama ya masomo amekatazwa, ukitoa vipengele vichache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Kuvunja hilo ni kosa zito, na pamoja na kifungo unafukuzwa nchini. Mkazi wa kudumu mwenye grin kadi ni habari nyingine, yeye anaruhusiwa kununua. Huyo rafiki yako anakutakia nini?

#24 Kijana_F1
Nimekuelewa wakili. Asante. Nafuta namba yake.

#25 Mama_Kwaya_DFW
Ngojeni niwape ya kanisa letu. Tuna ibada ya Kiswahili eneo la Fort Worth. Januari 2016 sheria imeanza, wazee wa kanisa wakakaa vikao vitatu: tuweke mabango au tusiweke? Mwinjilisti mmoja akasimama akasema hata Petro alibeba upanga. Nikamjibu palepale, na Bwana alimwambia aurudishe alani. Watu wakacheka, kikao kikavunjika.

Ikaja Sutherland Springs, Novemba 2017, watu 26 waliuawa ibadani. Vicheko vikaisha. Halafu Desemba 2019 pale White Settlement, jirani zetu kabisa, mtu akatoa bunduki katikati ya ibada akaua wawili, na mlinzi wa kujitolea akampiga risasi moja tu. Vyote ndani ya sekunde kama sita. Mnaweza kubishana mnavyotaka mtandaoni, lakini Jumapili iliyofuata mimi niliimba nikiutazama mlango.

Tulichoamua hatimaye: bango la kukataza kuonyesha, hatukuweka la kukataza kuficha. Kuna kaka wanne wana leseni, mchungaji anawajua, sisi waimbaji hatujui ni nani. Na hatutaki kujua.

#26 Shabaha_Njema
Mama Kwaya asante. Mnaona? Mtu mwema mwenye silaha.

#27 Dada_wa_Zamu_ya_Usiku
Naona, ila naona na kitu kingine. Yule mlinzi wa White Settlement alikuwa ameificha. Angekuwa ameianika, wa kwanza kupigwa si angekuwa yeye? Kwa hiyo hata mfano wenu mzuri kuliko yote ni wa sheria ya 1995.

#28 Shabaha_Njema
Au angeiona mkandani akaghairi kuingia. Asiyeingia hahesabiwi na mtu, ndiyo shida ya hoja yangu, nakubali.

#29 Dada_wa_Zamu_ya_Usiku
Hahaha leo umekubali kitu. Andikeni tarehe.

#30 Kinyozi_Dallas
Wote mnazunguka jambo moja hamlisemi. Nani anaweza kuivaa WAZI hapa Marekani akarudi nyumbani? Nitawapa tarehe mbili. 6 Julai 2016, Minnesota, Philando Castile, mwenye leseni halali, alisimamishwa na polisi barabarani, akamwambia kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi akafa. Polisi yule akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata.

Kesho yake, 7 Julai, hapa Dallas, kwenye maandamano, polisi watano wakauawa. Mjini walikuwepo waandamanaji waliobeba raifo wazi, kihalali kabisa. Mmoja, mtu mweusi, picha yake ikasambazwa na polisi kama mshukiwa wakati risasi bado zinalia. Hakuwa amefanya kitu. Aliisalimisha raifo yake mwenyewe. Mkuu wa polisi David Brown akasema hadharani kwamba ni vigumu kujua nani mwema nani mbaya watu wakiwa na raifo begani na risasi zinarushwa.

Mimi nina kadi ya leseni kwenye pochi. Bastola iko nyumbani kwenye kasha. Sijawahi kuivaa nje hata siku moja. Kinyozi mwenzangu mzungu anaivaa akienda kununua maziwa.

#31 Mzee_wa_Maktaba
Kinyozi, na ile marufuku ya 1871 wanahistoria wanabishana hivyo hivyo. Ilipitishwa wakati wa gavana Edmund Davis, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati magenge ya wazungu yanawaua watu weusi walioachiwa huru. Wengine wanasema ilikusudiwa kuwalinda. Wengine wanasema baadaye ilitumika kuwanyang'anya haohao silaha. Sheria ileile moja. Na California 1967, Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, walipobeba bunduki wazi hadi kwenye bunge la jimbo, gavana Ronald Reagan alisaini haraka sheria ya kukataza silaha zenye risasi hadharani. Kwa hiyo ukiniuliza "kwa nini waliruhusu", nami nitakuuliza "walipokataza, walikuwa wanamtazama nani?"

#32 Wakili_wa_Kanzu
Mzee hapo tutakesha. Mimi bado nasimama na mchujo. Ila @Kinyozi_Dallas, la kuwasaidia wengine: mwenye leseni akiwa amebeba na polisi akamwomba kitambulisho, sheria ya Texas inamtaka aonyeshe na leseni ya silaha. Kwenye mjadala wa HB 910 kulikuwa na pendekezo la kuzuia polisi kumsimamisha mtu kwa sababu tu ya kuona bastola, ili wamuulize leseni. Mahasimu wa siasa waliliunga mkono pamoja, wa kulia kwa sababu ya uhuru, wa kushoto kwa sababu ya hicho anachosema Kinyozi. Likaondolewa mwishoni, polisi hawakulitaka.

#33 Kinyozi_Dallas
Eeeh. Na bado unasema ni mchujo.

#34 Mwanachuo_Zamani
Nacheka peke yangu. Nilikuwa Austin 2016. Abbott alisaini siku moja na HB 910 sheria nyingine ya silaha vyuoni, ikaanza Agosti 2016. Chuoni ni kwa kificho tu. Basi wanafunzi wapinzani wakagundua kanuni zinakataza kuonyesha vitu vya aibu, lakini bastola ruksa. Wakaandamana na midoli ya watu wazima imening'inia kwenye mabegi. Nilikuwa na miezi miwili kutoka Mbeya. Nilimpigia mama simu nikashindwa kueleza.

#35 Kaa_la_Moto
Ulimwambiaje mama?

#36 Mwanachuo_Zamani
Nilimwambia wamegoma kwa sababu ya chakula.

#37 Mtoto_wa_Eastleigh
Huku Nairobi yule mwenye leseni hutembea kama ana siri ya serikali, halafu akishalewa anaitoa anaiweka juu ya meza kando ya chupa. Mwisho wa 2018 serikali iliwaita wote wenye leseni wakakaguliwe upya. Mjomba wangu alikuwa kwa hiyo laini. Alivaa suti.

#38 Sinia_la_Pilau
Wakuu nashukuru, nimejifunza mengi, ila karatasi ya mke wangu mmeisahau. Kila mteja ananiuliza.

#39 Wakili_wa_Kanzu
Samahani Sinia. Karatasi haitoshi kwa mwenye leseni. Kiswahili chake ni kizuri, mchoro mzuri, kisheria ni pambo.

Texas ina vifungu viwili. 30.06 ni kukataza aliyeficha. 30.07 ni kukataza aliyeianika. Kila kimoja na bango lake, maneno yaliyotungwa na sheria yenyewe neno kwa neno, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zenye urefu wa angalau inchi 1, rangi zinazotofautiana na ubao. La 30.07 liwe kwenye kila mlango wa kuingilia. Na tangu 2021 kuna 30.05 kwa wasio na leseni, nayo ina maneno yake. Mabango matatu. Mlango wa mgahawa wako utakuwa kama ukurasa wa matangazo ya zabuni.

Mtu akipuuza bango faini haizidi dola 200. Lakini ukimwambia KWA MDOMO atoke naye akakataa, hapo kosa linapanda kuwa kubwa na anaweza kufungwa. Mdomo wako una nguvu kuliko mabango yote.

#40 Dereva_wa_I40
Na lile bango jekundu la 51 je? Nimeliona kwenye baa nyingi.

#41 Wakili_wa_Kanzu
Hilo ni la sehemu ambazo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake ni pombe inayonywewa hapohapo. Sinia anauza chai.

#42 Kaa_la_Moto
Na asilimia 51 ya mapato yake ni bakshishi ya yule mzungu.

#43 Sinia_la_Pilau
😂 Wakili ubarikiwe. Sasa mtihani. Niweke 30.07 peke yake kama kanisa la Mama Kwaya, au yote? Mke wangu anataka yote. Shemeji yangu anasema nikiweka yote nimewatangazia majambazi kuwa humu hakuna kitu.

#44 Shabaha_Njema
Shemeji yako ana akili.

#45 Dada_wa_Zamu_ya_Usiku
Mke wako ana wateja. Meza mbili ziliondoka, umesahau?

#46 Mama_Kwaya_DFW
Weka la kuonyesha tu baba. Asiyeonekana hamtishi mtoto.

#47 Kinyozi_Dallas
Mama, asiyeonekana ndiye ananitisha mimi.

#48 Sinia_la_Pilau
Mrejesho. Leo amerudi. Yule yule, na mkewe. Mlangoni alisimama, akaisoma karatasi yetu yote mpaka mchoro. Akarudi kwenye gari, akakaa kidogo, akaingia mkandani hana kitu. Akaagiza sambusa 6. Akamuuliza mke wangu lile neno la juu linasomwaje. Mke wangu akamfundisha: "ha-i-ru-hu-si-wi". Alijaribu mara nne.

#49 Wakili_wa_Kanzu
Kisheria, kama ana leseni, hakulazimika. Nasema tu.

#50 Mkongo_wa_Abilene
Na wale watu wa Bukavu, walirudi?

#51 Sinia_la_Pilau
Bado kaka.

#52 Mgeni_Jukwaani
Nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Hizo sambusa ni za nyama au dengu, na mnafungua saa ngapi?